Nyumba ya Mama Kavira Isiyokuwa na Mabati

Ninyi vijana mliokuja kwangu Mususa, hapa Butembo, Jumapili baada ya misa, na madaftari yenu, mkitaka niwafundishe namna ya kupata wazo la biashara, niliwapa chai na kuwaambia mrudi wiki inayofuata. Ukweli ni kwamba sikujua la kusema. Mlinieleza kwamba kwenye formation yenu, yale mafunzo ya biashara, mmefundishwa hivi: mtu aangalie mahali anapofanyia kazi, atafute tatizo linalowasumbua watu, kisha atafute chombo kilicho tayari mkononi, aviweke pamoja. Nilitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayejua. Nimeifuata kanuni hiyo vile vile mlivyoieleza, zaidi ya mara moja, kabla hamjaisikia. Na hadi leo nikikaa kuyafikiri yaliyotokea, sijui kama niwaambie mfanye kama mimi au mnikimbie.

Basi nimeona afadhali niandike. Mtu akiandika anaweza kufuta.

Kazi ya depo, ghala la kununulia mazao, nimeiacha. Sijafika miaka hamsini, lakini katika kazi ya magunia mtu wa umri wangu ni mzee; mgongo ulikataa kabla mimi mwenyewe sijakataa. Nilizaliwa Luofu, kwetu tunalima viazi na maharage, na nilipomaliza shule ya sekondari nilishuka Butembo nikisema nakwenda kwa mwaka mmoja. Sikurudi kukaa. Sikukaa vizuri Butembo pia. Nilikwenda Beni, nikarudi, nikaenda tena. Nikiwa Beni nilitamani harufu ya kahawa ya Butembo, ile harufu ya ganda kavu inayokuingia mpaka ndani ya shati. Nikiwa Butembo nilitamani joto la Beni na harufu ya kakao, ambayo siku za kwanza inafanana na siki na baadaye inafanana na mkate. Mtu wa namna hiyo si mwalimu mzuri. Lakini ninyi mmemchagua.

Nianze na kigari, kwa sababu ndicho kinachonichekesha zaidi.

Kwenye depo ya kahawa Butembo, magunia yalibebwa mgongoni kutoka kwenye mizani mpaka kwenye rundo la ndani. Niliona watu wazima wakipinda kama misumari, nikasema hilo ndilo tatizo. Nyuma ya depo kulikuwa na magurudumu mawili ya toroli la zamani na vipande vya mbao. Hicho ndicho chombo. Nilipiga misumari siku tatu, nikaleta kigari kinachobeba magunia mawili kwa mara moja. Chef, mkubwa wa depo, alifurahi. Wabebaji walikiangalia, wakarudi kubeba mgongoni. Siku ya pili gurudumu moja halikuwepo. Nilitafuta gurudumu jingine. Siku ya nne nalo halikuwepo. Mwishowe mkubwa wa wabebaji, mtu mmoja mpole tuliyemwita Yaya Katembo, yaani kaka mkubwa, alinivuta pembeni.

"Kambale, weye ni mutoto muzuri," alisema kwa Kiswahili chetu cha huku, ambamo "lakini" huwa "mais". "Mais ile kitu unaita tatizo, sisi tunaiita kazi. Banatulipa kwa gunia. Kigari ikibeba, sisi tutabeba nini?"

"Yaya, mi nilifikiri migongo inawauma."

"Inauma. Ju ya ile njo banatulipa."

Kumbe walilipwa kwa sababu ya maumivu hayo hayo. Magurudumu yalirudi mahali pake nilipovunja kigari. Hakuna aliyesema ni nani aliyeyarudisha.

Katika depo hiyo hiyo ndimo nilimojifunza kupima unyevu wa kahawa. Tulikuwa na mashine ndogo yenye kikombe cha kutia punje na mshale unaoonyesha namba ya maji yaliyobaki ndani. Wengine huiita humidimètre, sisi tuliita kamashini. Kahawa ikionyesha kumi na mbili, inaingia. Ikionyesha kumi na tano, inarudi juani. Chef wetu alitamka kumi na mbili kama watu wanavyosema amina, na baada ya miaka mingi namba hiyo iliingia kichwani mwangu ikakaa humo kama jina langu. Kumbukeni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoniharibia.

Nilipohamia Beni nilipata kazi kwenye depo ya kakao, katika commune ya Ruwenzori, sehemu mojawapo ya mji huo. Mkubwa wa depo alikuwa Papa Mbusa, mtu mfupi, mnyamavu, aliyevaa koti hata kwenye joto. Papa Mbusa hakuwa na kamashini. Alikuwa na mkono. Alikuwa akiingiza chuma chembamba chenye mfereji, cha kuchomea magunia, mpaka katikati ya gunia, anatoa punje za ndani kabisa, anazikamata kwenye kiganja, anazibana karibu na sikio, anasikiliza. Kakao iliyokauka inalia. Isiyokauka inanyamaza. Baada ya hapo anapasua punje tatu nne kwa kisu na kuangalia rangi ya ndani. Ndipo anasema ndiyo au hapana, na hakuna rufaa.

Siku ya kwanza alinipa nibane mwenyewe.

"Kwanza zima ile radio," aliniambia. Nilizima. "Bana sasa. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Unasikia nini?"

"Nasikia... kakao."

"Wee hausikie kitu. Hii inalia kidogo tu, haiyakauka. Ile ya kukauka inalia sawa mutu anakanyanga majani ya jua kali. Utabana mwaka muzima, njo utasikia."

Sikubana mwaka mzima. Nilibana wiki mbili, nikaona ni mambo ya wazee. Mimi nilikuwa nimetoka Butembo, ambako kuna mashine.

Na tatizo lilikuwa mbele yangu kila siku. Watu walikuwa wakitoka mbali na kakao yao, mgongoni au kwenye moto, yaani pikipiki, wanafika depo, Papa Mbusa anabana, anasema, "Bado." Basi. Wanatandika bashi, lile turubai, pembeni ya barabara, wanamwaga kakao, wanageuza kwa miguu. Saa nane mvua inakuja. Wanakimbilia kukunja bashi, mbuzi wanaingia, moto inapita juu ya punje. Wengine walikuwa wamevuna haraka haraka, kwa sababu kule mashambani mtu hakujua kama wiki inayofuata njia itampitisha salama, na kakao ilikuwa imeshaenda safari ndefu bila faida. Walimlaumu Papa Mbusa, walimlaumu Mungu, walinilaumu mimi.

Nikaandika kwenye daftari langu, maana nami nilikuwa na daftari kama ninyi: mkulima hajui kama kakao yake imekauka mpaka afike depo. Kama mtu angempimia kule kule mtaani, angekuwa ameokoa safari. Chombo? Kamashini. Nilipokwenda Butembo kusalimia watu, nilimtafuta mzee mmoja aliyekuwa amefunga depo yake ya kahawa, akaniuzia kamashini yake. Nilirudi Beni nimeikumbatia kwenye gari kama mtoto mchanga. Mbele ya chumba nilichopanga nilitundika ubao: HAPA TUNAPIMA MAYI YA KAKAO. Nilikuwa napima asubuhi kabla ya kazi na jioni nikitoka.

Jamani, watu walikuja. Nilijiona nimefika.

Mmoja wao ni Mama Kavira. Alikuwa mjane, tulisali parokia moja, na alikuwa akikaa katika chumba kimoja kwa shemeji yake pamoja na mabinti wake wawili. Alikuwa na kiwanja kidogo, na juu ya kiwanja hicho alikuwa amesimamisha kuta za matofali mabichi, vyumba viwili, milango na madirisha yakiwa matundu tu. Kilichobaki ni mabati. Ninyi mnajua tofali bichi na mvua: kuta zisipofunikwa kabla ya msimu, zinarudi kuwa udongo. Alikuwa amefunika vichwa vya kuta kwa majani ya migomba na alikuwa akiyabadilisha kila yaliponyauka. Kakao ya msimu ule, magunia manne, ilikuwa ndiyo mabati. Hakuwa na kitu kingine.

Alileta bakuli la punje kutoka kila gunia. Nilitia kwenye kikombe, mshale ukasimama.

"Kamashini inasema nini?" aliuliza.

"Kumi na mbili, mama."

"Ni mubaya?"

"Ni muzuri kabisa. Shona magunia."

Akashona. Wiki hizo depo hazikuwa zinanunua, magari yalikuwa hayapiti, watu wote waliweka kakao ndani wakingoja. Mama Kavira aliweka magunia yake chini ya kitanda na pembeni ya kitanda, yakakaa wiki tatu, yakiwa yamefungwa vizuri kwa uzi.

Siku depo ilipofungua alikuwa wa kwanza mlangoni. Papa Mbusa aliingiza kile chuma kwenye gunia la kwanza, akakitoa, akanusa kabla ya kubana. Hakubana. Alikata uzi, akafungua mdomo wa gunia, na sote tukaona weupe. Ukungu ulikuwa umefunika punje kama unga.

"Mama, nani alikuambia ushone hii?"

Mama Kavira hakuniangalia. Alininyooshea kidevu tu. "Ni ule. Eko na kamashini."

Papa Mbusa aligeuka kwangu taratibu. "Ulipima?"

"Nilipima, Papa. Ilikuwa kumi na mbili."

"Kumi na mbili ya nini?"

"Ya mayi."

"Kambale. Kumi na mbili ni ya kahawa. Kakao inataka saba, nane. Na ile kamashini yenyewe banaitengeneza ju ya kahawa."

Nilisimama pale. Kitu pekee kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa cha kijinga. "Kumbe Papa unajua namba?"

"Najua," alisema. "Siku gani uliniuliza?"

Wabebaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu siku hiyo mtaa mzima uliniita Bwana Kumi na Mbili. Ubao niliutoa mchana ule ule.

Nilikwenda kwa Mama Kavira kuomba radhi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno mengi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mi hapana taka pole," alisema. "Nataka mabati. Mvua iko nakuya. Utafanya nini?"

Papa Mbusa ndiye aliyenisaidia kulijibu swali hilo. Alikuja na kisu chake, akapasua punje kutoka kila gunia. Mawili yalikuwa yameoza mpaka ndani. Mawili mengine ukungu ulikuwa juu ya ganda tu. "Haya mawili yamekwenda," alisema. "Haya, mukichambua moja moja na mukausha upya, pengine. Nasema pengine." Kisha akaongeza, akinitazama: "Na utabana kila siku mbele yangu, mpaka usikie."

Basi tulichambua, mimi, Mama Kavira na mabinti, punje baada ya punje, tukisugua kwa kitambaa. Shida ikawa mahali pa kukaushia. Barabarani kuna mbuzi na moto. Kwa shemeji uwanja ulikuwa wa kupikia, na moshi unaingia kwenye kakao, mnunuzi anausikia mara moja. Mama Kavira alisimama akaangalia kiwanja chake.

"Tuweke mule mu nyumba," alisema.

"Mama, nyumba haina mabati."

"Haina mabati, mais haina mbuzi."

Tukatengeneza meza za mianzi katika chumba kimojawapo, tukatandika kakao juu yake, unene wa vidole viwili. Siku za kwanza unageuza kila mara, usingoje; punje zikishikana zinatoa harufu mbaya. Kwa ajili ya mvua nilinunua plastiki ile nyeupe inayopitisha mwanga, nikaifunga upande mmoja wa ukuta ili tuivute juu wingu likija na kuiondoa jua likirudi. Hiyo ilikuwa kazi yangu: kuvuta na kuondoa.

Siku ya tatu nilikosea tena. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, nikavuta plastiki, nikakimbilia depo, nikasahau. Jua likatoka, likawa kali, na Mama Kavira siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni. Nilikumbuka saa tisa nikiwa na gunia mgongoni. Niliacha gunia chini nikakimbia. Nilipoingia mle ndani joto lilinipiga usoni kama la kwenye tanuri. Niliona maji yamejikusanya kwenye plastiki, nikasema basi, nimepika mabati ya huyu mama mara ya pili. Nilikaa kwenye kizingiti.

Ni Papa Mbusa aliyekuja kuniuliza kwa nini niliacha gunia katikati ya mlango. Aliingia, akachukua punje kiganjani, akabana. Akabana tena. Alitoka nje ya ukuta, mbali na kelele, akabana mara ya tatu.

"Bana," aliniambia.

Nilibana. Vijana wangu, nilisikia. Mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia kakao ikilia, na nilidhani nimevunja kitu.

Joto la chini ya plastiki lilikuwa limefanya kwa siku moja kazi ya siku tatu, na mvuke ulikuwa umetoka kupitia matundu ya madirisha, kwa sababu madirisha hayakuwepo. Kama angekuwa ametia madirisha, kakao ingeoza. Kama ningekumbuka kuondoa plastiki, tungekuwa bado tunakausha mvua ilipoanza. Sasa niambieni ninyi wenye formation: hapo wazo ni lipi? Asubuhi ile nilikuwa na kosa mkononi lililofanana kabisa na lile la kwanza. Uzembe ni ule ule, mtu ni yule yule, mama ni yule yule. Moja liliharibu magunia mawili, jingine liliokoa mawili. Nimezunguka na swali hilo barabara ya Butembo na Beni mara nyingi kuliko madereva wengine.

Magunia mawili yaliuzwa. Mabati yaliyotoka humo yalitosha chumba kimoja, na fundi aliyapigilia siku mbili kabla ya mvua ya kwanza kubwa. Chumba cha pili kilibaki na plastiki, ili kuta zake zisianguke tukingoja msimu mwingine.

Na hapa ndipo ningependa msome taratibu. Tulikuwa tunatoa zile meza za mianzi ili tuzivunje, alipotokea mwanamke mmoja mlangoni na sufuria ya kakao kichwani. Sikumjua.

"Ni hapa banakausha?" aliuliza.

Nilifungua mdomo nimwambie hapana, hii ni nyumba ya mtu. Mama Kavira alikuwa ameshika mguu wa meza. Aliurudisha chini.

"Ni hapa," alisema. "Mais bashi unaleta yako."

Baada ya yule walikuja wawili, baada ya wawili wakaja kumi. Msimu uliofuata alipata mabati ya chumba cha pili. Aliyasimamisha ukutani, wala hakuyapigilia, maana chini ya bati kakao haipati jua. Akanunua plastiki mpya. Akaajiri mwanamke wa kugeuza. Mimi nilikuwa na aibu, mgongo ulianza kuniuma, nikasema narudi Butembo kidogo. Mnajua hayo yangu ya kurudi kidogo.

Mlipokuja na swali lenu, niliona si haki niwajibu bila kumuuliza yeye. Nilipanda gari nikaenda Beni. Nilimkuta ndani ya uzio wake anapanga watu: huyu kakao ya leo, huyu ya juzi, msichanganye. Watu wanaleta kakao yao, anakausha, anabana kwa sikio lake, anawaambia ukweli, nao wanakwenda depo bila kurudishwa. Kakao ya watu inalala kwenye chumba kikubwa. Yeye na binti yake mdogo wanalala kwenye kile kidogo chenye mabati, na ukuta wa katikati unakuwa wa moto mpaka jioni.

Nilisimama nje ya chumba chake, kama kawaida yangu pale. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia niingie nikae ndani kwake, nami sikuwahi kujaribu.

"Mama, kuna batoto Butembo banauliza," nilisema. "Banataka kujua namna ulipata wazo, idée ya hii kazi."

"Idée gani?"

"Hii. Ya kukausha."

Alifikiri. Aliangalia plastiki, akaniangalia mimi. "Mi nilikuwa natafuta nyumba," alisema. "Na nyumba haiyaisha. Waulize bao benyewe, balisoma. Labda banajua nini ilitokea."

"Bananiuliza mimi."

"Na weye unajua?"

"Hapana, mama."

"Basi tuko wawili."

Mvua ilianza bila kutoa dalili kwanza, moja kwa moja, ile ya Beni inayomwagika kama mtu amepindua pipa. Waliokuwa uwanjani walikimbilia kwenye chumba cha kakao kushika kamba za plastiki. Mimi nilijibana ukutani chini ya ncha ya bati, maji yakinirukia magotini. Mama Kavira alikuwa tayari ndani ya chumba chake kidogo. Alitoa kichwa nje, akaniona, akavuta kiti kimoja kutoka chini ya meza na kukiweka katikati ya sakafu.

"Ingia uikale," alisema. "Mvua ikiisha utaenda kugeuza upande wa nyuma, pale banasahau kila siku."

Niliingia nikakaa. Mvua ilipiga juu ya bati hata hatukuweza kusikiana.